Kura ya Nyanya, Kitambulisho cha Mjukuu



Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, tulikwenda kumtazama mzee wetu mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye kwa muda wa mwezi mzima miguu ilikuwa imemlemea. Tulimkuta ameketi kitandani, na mjukuu wake, binti aliyetimiza miaka 18 miezi michache iliyopita, alikuwa akimsomea moja baada ya moja karatasi zilizokuwamo ndani ya bahasha: cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mama, nakala ya kitambulisho cha baba, barua ya chifu. Binti alikuwa akijiandaa kwenda kuomba kitambulisho. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hicho ukishakipata, utakuwa sawa na kaka yako?"

Mjukuu alicheka, akajibu kwamba watakuwa sawasawa. Nyanya hakucheka. Alisema kwamba yeye alipokuwa na umri huo hapakuwa na mtu aliyetaka jina lake liandikwe popote ila siku ya nikaha, na hata siku hiyo aliyeulizwa kwa sauti mbele ya watu alikuwa walii wake. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya mchele ya zamani.

Swali lake ndilo tulilotoka nalo, na ndilo tunaloliweka leo mbele yenu, wasomaji wetu. Je, watu wazima wote wanastahiki haki sawa? Ni swali ambalo kijana wa leo huliona limekwisha kujibiwa, kwa sababu jibu limeandikwa katika Katiba. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema waziwazi kuwa kila mtu ni sawa mbele ya sheria, na kifungu cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kujiandikisha na kupiga kura ya siri. Mtu mzima, kwa maana ya Katiba hiyo, ni yeyote aliyetimiza miaka 18. Lakini wazee wetu wa Pwani wanakumbuka wakati ambapo jibu lilikuwa jingine kabisa, na sisi tumeona vyema tuanzie huko, kwa kuwa mengi yanayotusumbua leo majumbani mwetu yana mizizi huko.

Serikali ya kikoloni haikupata kuwahesabu watu wazima wa nchi hii kwa hesabu moja. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1920, ulikuwa wa Wazungu peke yao, wanaume kwa wanawake. Wahindi wakapewa orodha yao, Waarabu orodha yao. Mwafrika hakupewa orodha. Alipewa kipande, akakivaa shingoni ndani ya kibati, na akiachwa nacho nyumbani hufungwa. Hapa Pwani mgawanyo huo uliingia mpaka ndani ya nyumba. Waswahili wa Thenashara Taifa, watu waliooana na Waarabu kwa karne nyingi, wakaswali nao msikiti mmoja na kuzikana makaburi mamoja, waliambiwa kuwa wao si Waarabu kwa mujibu wa orodha ya wapiga kura. Uchungu wa jambo hilo uliwafanya waunde chama chao mwishoni mwa miaka ya 1920, Afro-Asian Association, ili wadai kuhesabiwa. Basi ikawa inawezekana kabisa mjomba awe na kura na mpwa wake asiwe nayo, ingawa wote wawili ni watu wazima, wenye akili timamu, wanaolipa kodi kwa serikali ileile.

Ulipofika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, mwezi Machi 1957, ambao ndio uliompeleka Ronald Ngala barazani kutoka Pwani, serikali ilibuni utaratibu ambao vijana wetu wakisimuliwa hudhani ni mzaha. Mpiga kura Mwafrika alipimwa. Alitazamwa elimu yake, kipato au mali yake, utumishi wake serikalini au jeshini, umri wake. Aliyekosa sifa hizo hakupata kura hata moja. Aliyekuwa nayo moja au mbili alipata kura yake. Na aliyezikusanya nyingi aliweza kupewa mpaka kura tatu. Mtu mmoja, kura tatu! Jirani yake mvuvi, aliyelea watoto saba kwa ngalawa na mshipi, hana hata moja. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba kura ni jambo zito, na kwamba si kila mtu mzima ana busara ya kulibeba.

Tukae kidogo hapo, maana hoja hiyo haijafa. Tunaisikia hata leo mabarazani, imevaa nguo nyingine: "Huyu hajasoma, atajua nini?" "Mwanamke yule ataambiwa tu na mumewe." "Kijana huyu anatafuna muguka, kura yake ya nini?" Sisi hatukatai kuwa busara hutofautiana. Tunachouliza ni nani aliyekabidhiwa mizani. Mwaka 1956 mizani ilikuwa mikononi mwa maafisa wa kikoloni, na haikuwa ajabu kwamba kila ilipopimiwa watu, upande wa maafisa ndio uliokuwa mzito.

Sasa twende kwa mama zetu. Katika mpangilio huo wote, palikuwa na kundi moja ambalo lilisahauliwa mara mbili. Mwanamke wa Kizungu alikuwa na kura tangu 1920, na mwanamke wa Kihindi alifuata. Mwanamke wa Kiafrika, kwa uchache mkubwa, aliweza kuingia katika orodha ya 1957 iwapo alitimiza masharti. Lakini mwanamke aliyeandikwa kuwa Mwarabu, hapa Mombasa, Malindi na Lamu, hakuwa na kura hata kama amesoma, hata kama ana nyumba tano kwa jina lake. Sababu iliyotajwa ilikuwa utawa. Wanawake hawa, ilisemwa, hukaa ndani, huvaa buibui, hawachanganyiki na wanaume, kwa hiyo mambo ya barazani si yao, na wenyewe hawayataki.

Wenyewe walijibu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa waliandika ombi kwa serikali, wakalitia saini, wakadai kura. Wengi wao walikuwa watu wa heshima, wanawake wa utawa hasa, ambao hawakuwahi kuonekana sokoni. Kipindi hichohicho ndipo vilipozaliwa vyama vya Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, ambavyo wazee wetu wanavikumbuka kwa masomo ya ushoni na upishi, kwa misaada ya harusi na misiba, na kwa ushindani wao mkali ambao sisi tuliozaliwa baadaye tumeurithi kwa vicheko tu. Wanawake hawa walikuwa wametoka katika vyama vya lelemama. Huko walijifunza kuchangishana fedha, kuchagua viongozi wao, kuweka zamu na kutoza faini. Mtu aliyewahi kuongoza chama cha lelemama chenye watu mia mbili, akasuluhisha ugomvi wa sare na wa nani atangulie, hawezi kuambiwa kuwa hajui siasa.

Hawakuvua buibui ili wapate kura. Walidai kura ndani ya buibui zao. Tunalitaja hili kwa sababu leo wapo wanaomwambia binti wa Kiislamu kwamba achague moja kati ya mawili, stara yake au haki yake, na wapo upande wa pili wanaomwambia vilevile kwa sababu nyingine. Bibi zetu waliwajibu wote wawili kabla hawajazaliwa.

Ng'ambo, Unguja na Pemba, mambo yalikwenda kwa mwendo usiotofautiana sana. Uchaguzi wa 1957 huko ulikuwa wa wanaume tu, na wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza mwezi Januari 1961. Kwetu, uchaguzi wa mwaka huohuo wa 1961 ulipanua mlango lakini haukuufungua wote: mtu alitakiwa ajue kusoma na kuandika lugha yake, au awe na kipato fulani au cheo, au awe amevuka miaka 40. Ni mwezi Mei 1963 tu ndipo mtu mzima alipohesabiwa kwa utu uzima wake, bila kuulizwa cheti wala mshahara. Na hata hapo utu uzima ulianzia miaka 21. Ulishushwa hadi 18 mwaka 1974.

Nyanya tuliyemtembelea alipiga kura hiyo ya 1963. Anakumbuka foleni, anakumbuka jua, anakumbuka kwamba alimwacha mtoto mchanga kwa jirani na aliporudi alimkuta amelala. Tulipomuuliza alimpigia nani, alitutazama kwa jicho ambalo lilitufunza adabu.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya serikali; dini yasemaje? Ni swali la haki kuulizwa katika jarida kama hili, na hatutaki kulikwepa. Twaanza na kitu ambacho mara nyingi hupuuzwa. Katika sheria yetu, utu uzima una milango miwili. Wa kwanza ni baleghe, na wa pili ni rushd, yaani busara ya kuendesha mambo yake mtu mwenyewe. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameamrishwa wawapime hao wanaowalea, na wakiuona uongofu huo kwao wawakabidhi mali yao, mbele ya mashahidi. Aya haikuwatenga mayatima wa kike. Mwanamke aliyebaleghe na kupata rushd anamiliki, anauza, ananunua, anaweka wakfu na anashtaki, na mumewe hana mamlaka juu ya senti yake isipokuwa kwa ridhaa yake. Uingereza, nchi iliyokuja kutufundisha ustaarabu, mke hakupata haki kamili ya kumiliki mali kwa jina lake mpaka sheria ya mwaka 1882. Wakati huo wanawake wa Pwani walikuwa na mashamba ya minazi, majumba na wakfu kwa majina yao, na makadhi waliandika hati zao.

Tena, wanawake walimpa Mtume (s.a.w.) bay'a, na habari hiyo imo katika Suratul Mumtahana, aya ya 12. Bay'a ni ahadi ya mtu kwa kiongozi wake, na aliyeitoa ni mwanamke mwenyewe, si baba yake kwa niaba yake. Siku ya Hudaybiya, masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, ushauri uliofungua fundo ulikuwa wa Ummu Salama (r.a.), na Mtume akaufuata. Wanahistoria wetu wamepokea pia kwamba Abdurrahman bin Awf, alipokabidhiwa kazi ya kutafuta khalifa baada ya Umar (r.a.), alikwenda akiwauliza watu rai zao, na akawauliza hata wanawake ndani ya nyumba zao. Basi mwenye kusema kwamba rai ya mwanamke katika uongozi ni kitu kilicholetwa na Wazungu, na afungue vitabu kabla ya kufungua mdomo.

Lakini haitakuwa uaminifu tukiishia hapo, kana kwamba hakuna gumu. Lipo. Katika mirathi, binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Wapo wanaoona kuwa hili pekee linatosha kuonyesha kwamba Muislamu hawezi kusema "haki sawa" bila kujidanganya. Katiba yenyewe imelitambua suala hili. Kifungu cha 24 kimeruhusu masharti ya usawa yawekewe mipaka, kwa kiasi kile tu kinachohitajika, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi kwa wanaokiri dini hii, katika mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Na kifungu cha 170 kimeongeza kwamba kadhi ataamua pale ambapo pande zote ni Waislamu na zote zimekubali kuwa mbele yake. Mahakama hizi hazikuanza juzi. Zilikuwapo chini ya Sultani, zikabaki chini ya himaya ya Waingereza tangu 1895, na kulindwa kwake kulikuwa sehemu ya mapatano ya Oktoba 1963 yaliyoiunganisha Pwani na Kenya huru.

Rai yetu ni hii. Mafungu ya mirathi yamefungamana na wajibu: mwanamume ana nafaka ya mke, watoto, na mara nyingi mama na dada zake, ilhali mali ya mwanamke ni yake. Mwenye kulichukua fungu la mwanamume na kuutupa wajibu wake amechukua nusu ya sheria na kuiacha nusu. Na hapa ndipo lilipo donda la jamii yetu, ambalo hatulitaji vya kutosha. Malalamiko tunayoyasikia kwa akina mama wa mitaa yetu si kwamba walipewa nusu. Ni kwamba hawakupewa kitu.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya mazishi, madeni na wasia kutolewa, kimebaki kiasi cha Sh8 milioni, thamani ya nyumba ya familia. Mke ana thumuni, nayo ni Sh1 milioni. Zilizobaki, Sh7 milioni, zinagawanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume mawili, Sh2.8 milioni, na binti moja, Sh1.4 milioni. Hesabu haina siri; mtoto wa madrasa anaiweza. Lakini mara ngapi tumeona mambo yakienda hivi? Nyumba haiuzwi wala haikadiriwi. Kaka mkubwa anakaa ghorofa ya juu, mdogo anakaa chini, duka la mbele limepangishwa na kodi inaingia mfukoni mwa mmoja. Binti yuko kwa mumewe. Akiuliza, huambiwa, "Dada, unataka kuivunja nyumba ya baba?" Mwaka wa kumi ukipita, husemwa kuwa alisamehe. Alisamehe lini? Mbele ya nani? Msamaha wa mtu aliyeogopa kuitwa mpenda mali si msamaha, na aya za 13 na 14 za sura ileile ya An-Nisaa zimeyaita mafungu haya mipaka ya Mwenyezi Mungu, zikataja na malipo ya mwenye kuivuka.

Kuna faraja katika jambo moja. Mtafiti wa Kimarekani Susan Hirsch, aliyeketi katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 akisikiliza kesi za ndoa na familia, aliona kwamba wanaofungua kesi wengi wao ni wanawake, na kwamba kwa kawaida hushinda. Mahakama ambayo watu wa mbali huidhania kuwa ngome ya wanaume, kwa mwanamke wa Pwani imekuwa mlango wa kubisha. Wengi wasiobisha hawazuiwi na kadhi. Wanazuiwa na ndugu zao, na aibu, na wakati mwingine, ajabu ya mambo, wanazuiwa na kukosa karatasi.

Karatasi! Tunarudi kwenye bahasha ya mjukuu. Sheria ya usajili wa watu ya mwaka 1947 ilimhusu mwanamume. Mwanamke wa Kenya hakuandikishwa kitambulisho mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Kwa wakati wa kipande pengine ilikuwa rehema kutoandikwa. Lakini kitambulisho kilipogeuka kuwa ufunguo wa benki, wa hati ya ardhi, wa pasipoti, wa laini ya simu na wa sanduku la kura, kuchelewa kukipata kukawa kuchelewa kuwa mtu mzima.

Na uraia wenyewe haukuwa sawa. Chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alikuwa Mkenya kwa baba yake tu. Mwanamume Mkenya aliyeoa mgeni aliweza kumpatia mkewe uraia. Mwanamke Mkenya aliyeolewa na mgeni hakuweza kumpatia mumewe. Hapa Pwani, ambapo mabinti zetu wameolewa Muscat, Aden, Jeddah, Unguja na Tanga tangu enzi za majahazi, sheria hiyo iliingia katika kila ukoo. Mama alizaa Jeddah, akaachika, akarudi Mombasa na watoto wawili, na watoto hao wakawa wageni katika nyumba aliyozaliwa mama yao. Kila mwaka kibali, kila mwaka ada, kila mwaka hofu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 14, iliyamaliza hayo kwa maneno machache: mtoto ni raia ikiwa baba yake au mama yake ni raia, awe amezaliwa humu nchini au nje. Kifungu cha 15 nacho kikampa mwenzi, awe mume au mke, haki ya kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa. Tunawajua akina mama ambao wangali hawajui kuwa mlango huo uko wazi. Kwa hiyo tunauandika hapa, na tunawaomba mlisome hili kwa jirani.

Wengine mlango wao ulikuwa umefungwa kwa pande zote. Wapemba wa Kilifi na Kwale, ndugu zetu katika dini na lugha, wamekuwa wakivua katika bahari hii kwa vizazi, na kwa vizazi hawakuwa na kitambulisho: hawana leseni ya uvuvi kwa majina yao, hawana akaunti, hawana cheti cha ndoa kinachotambulika. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, na wakatambuliwa mwaka uliofuata. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Mwanzoni mwa 2025 rais alitangaza kukoma kwa ule upekuzi wa ziada ambao vijana wa kaunti za mipakani walifanyiwa kabla ya kupewa vitambulisho, upekuzi ambao kijana Muislamu aliujua kuliko mtu yeyote: leta kitambulisho cha babu, leta mzee wa mtaa, rudi Jumatano. Kutangaza ni jambo moja na kutekeleza dirishani ni jingine, na tunawaomba wazazi wanaopeleka watoto wao watueleze wanachokutana nacho.

Tungependa kumalizia kwa yaliyo ndani ya nyumba, maana huko Katiba haifiki kwa urahisi. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na tayari tumesikia watu wakihesabu: "Kwangu mna kura sita." Una kura moja, bwana. Zile tano ni za wenyewe. Sheria ya uchaguzi imemruhusu asiyeona, asiyejiweza au asiyejua kusoma aingie na mtu wa kumsaidia anayemwamini, lakini msaidizi huyo huapa kutunza siri, na hawezi kusaidia zaidi ya mtu mmoja. Sababu yake ni kwamba msaada usigeuke kuwa unyang'anyi. Kijana anayemshika mama yake mkono mpaka kwenye sanduku kisha akatia alama kwa mgombea wake mwenyewe amemwibia mama yake, hata kama jioni alimnunulia maziwa.

Jambo hilihili liko katika namba ya siri ya simu ya mzee, ambayo mara nyingi huijua mwana kuliko mzee. Liko kwa ndugu yetu asiyesikia, ambaye posa zake hujibiwa na watu wengine. Liko kwa dada mwenye ulemavu wa miguu ambaye familia imeshaamua kwamba hatafuti kazi. Kwa mtoto, kuamuliwa ni malezi. Kwa mtu mzima mwenye rushd ni kitu kingine, na jina lake ni zito kidogo kulitaja kwa watu tunaowapenda. Hatusemi kwamba mtu aendeshe maisha yake kana kwamba hana jamaa. Shura ni sehemu ya dini yetu, na binti anayeshauriana na wazazi wake amefanya jema. Lakini katika shura kila aliyekaa huulizwa, na aliyeulizwa husubiriwa ajibu.

Jumatatu tulipompigia simu nyanya kumjulia hali, alituambia kuwa miguu ina nafuu, alhamdulillah. Mjukuu amekwisha kwenda, amepigwa picha akiwa na mtandio wake, ameweka alama za vidole, amerudi na karatasi ya kungojea. Tukamuuliza nyanya iwapo na chake kipo. Akasema kipo, kilitolewa zamani, na picha ilishafifia, haonekani ila pua. Mjukuu ameahidi kumpeleka akabadilishiwe. Wakati akisema hayo tulisikia sauti ya mwanawe wa kiume nyuma yake, akisema kwamba mzee wa miaka hiyo kitambulisho kipya ni cha nini.

"Cha kwangu," nyanya alimjibu, kisha akatuuliza kama ofisi hufunguliwa saa mbili au saa tatu.